Kuvizia vibwengo vyekundu juu ya Ziwa Victoria: shajara ya mradi, Februari hadi Mei 2025

Jumamosi, 22 Februari. Mwanza

Naanza kuandika leo kwa sababu leo nimenunua kamera, na pesa ikishanitoka mfukoni sirudi nyuma.

Jambo lenyewe ni la zamani. Baba yangu mdogo ni mvuvi wa dagaa Ukerewe, kijiji cha upande wa kaskazini, mkabala na Ukara. Nilipokuwa darasa la sita alitusimulia kwamba usiku mmoja wa giza, karabai zikiwaka na wao wakisubiri dagaa wapande, aliona mti wa moto ukiota juu ya mawingu ya mvua, mbali, upande wa Uganda. Uliota kwenda juu. Akasema "Tazameni!", wenzake wakageuka, ukawa umeshazimika. Ngurumo haikusikika. Wenzake watatu wakamwambia macho yamemchoka kwa kutazama taa. Mwalimu wetu wa sayansi nilipomuuliza alisema radi haiendi juu. Baba mdogo hakulirudia tena mbele za watu.

Mwaka jana ndipo nilipojua kwamba radi huenda juu.

Usiku wa 6 Julai 1989 John Winckler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walikuwa wakijaribu kamera ya mwanga hafifu waliyotaka kuirusha na roketi. Waliporudia mkanda wakakuta nguzo mbili za mwanga zimesimama juu ya mawingu ya radi ya mbali. Hawakuwa wakizitafuta. Marubani walikuwa wameshayasema mambo haya kwa miaka mingi, na maneno yao yakabaki kuwa hadithi za vyumba vya mapumziko. Hata C.T.R. Wilson, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1927, alikuwa ameshaandika katika miaka ya 1920 kwamba juu kabisa ya wingu la radi hewa ni nyembamba kiasi kwamba umeme unaweza kuipasua. Ilibidi kamera iseme ndipo watu wakubali.

Davis Sentman wa Chuo Kikuu cha Alaska ndiye aliyevitungia vitu hivi jina, akachagua jina la viumbe wa hadithi za Ulaya, wadogo, wepesi, wasiokamatika. Alitaka neno lisilojifanya kujua chanzo, kwa kuwa wakati ule chanzo kilikuwa hakijajulikana vizuri. Kwetu jina hilo, sprite, ni la soda, kwa hiyo sitalitumia. Nitaviita vibwengo. Najua kibwengo cha pwani hukaa baharini na wala si wa kuchezewa, lakini kwa kutokea na kutoweka hakuna neno linalokaribia hilo.

Wana ndugu zao. Kuna pete ya mwanga inayotanuka kwenye kimo cha karibu kilomita 90 hadi ikafika upana wa kilomita mia kadhaa, yote ndani ya muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kuna mchirizi wa buluu unaofyatuka kutoka kichwa cha wingu na kufia kwenye kilomita 40 au 50. Na kuna mchirizi mkubwa, ambao haufii hapo, hupanda hadi kwenye mpaka wa anga za juu.

Ninachotaka ni picha moja. Kibwengo kimoja juu ya Ziwa Victoria, kikiwa na saa yake, upande wake na kimo chake.

Jumapili, 2 Machi

Kazi yangu ni kufunga kamera za ulinzi, madukani na kwenye mageti, kwa hiyo vifaa si kigeni kwangu. Nimechukua bodi ya kamera yenye kihisi cha Sony cha jamii ya Starvis, ile inayoonyesha rangi usiku kwa mwanga wa nyota tu, na lenzi ya milimita 6. Inaona nyuzi 50 kwa upana na karibu 29 kwa wima.

Leo nimeitoa kioo cha kuzuia infraredi, ule mwanga uliopita wekundu ambao jicho halioni. Kila kamera ya mchana ina kijioo hicho mbele ya kihisi, bila hicho majani yanaonekana ya zambarau na wateja hulalamika. Wekundu wa kibwengo unatoka kwa naitrojeni iliyosisimuliwa na umeme, na sehemu kubwa ya mwanga huo iko mwisho kabisa wa wekundu na kuvuka kuingia kwenye infraredi. Kijioo kile kingeniibia zaidi ya nusu ya ninachokitafuta. Ndiyo sababu mojawapo jicho la mtu hukikosa: usiku jicho hutumia chembe zisizojali rangi nyekundu. Sababu ya pili ni muda. Kibwengo huishi sehemu chache za elfu ya sekunde, kikikaa sana ni makumi kadhaa ya sehemu hizo. Kupepesa jicho ni kurefu zaidi.

Kukitoa kilinichukua saa mbili kwa wembe na pumzi iliyoshikwa. Nilikwaruza pembe moja ya kioo cha kihisi. Kovu linaonekana chini kulia, nitaishi nalo.

Baada ya hapo fokasi yote ikahama. Nimeirekebisha kwa nyota, zamu ndogo ndogo za lenzi hadi nyota ikawa nukta badala ya kitumbua.

Jumamosi, 8 Machi

Juu ya paa la nyumba ninayopanga. Taa za mji, taa za bandari, mbalamwezi nayo inakua. Picha yote ya chungwa. Mwanza haifai, ni lazima Ukerewe.

Jumamosi, 15 Machi

Mwezi mpevu ulikuwa jana. Hakuna cha kupiga picha, basi nimesoma, nami naandika hapa ili nione kama nimeelewa.

Wingu kubwa la radi lina chaji hasi nyingi katikati na chaji chanya juu yake. Radi nyingi zinazopiga chini hushusha chaji hasi. Chache, kama moja katika kumi, hushusha chaji chanya, na hizo huwa nzito. Baadhi huendelea kutiririsha mkondo kwa muda baada ya pigo la kwanza. Radi chanya kubwa ikishusha chaji nyingi kwa mara moja, usawa wa umeme kati ya wingu na anga za juu huvunjika ghafla. Karibu na wingu hewa ni nzito, haipasuki. Lakini kwenye kilomita 70 na kitu hewa ni nyembamba mno, nguvu ndogo inatosha. Hapo ndipo kibwengo huanzia. Nyuzi za mwanga hushuka kwanza kama mizizi, kisha matawi hupanda. Kati ya mizizi yake na kichwa cha wingu hubaki kilomita makumi kadhaa za giza tupu. Kimesimama hewani, hakigusi chochote.

Maumbo yana majina ya jikoni na baharini: kuna karoti, kuna nguzo, kuna konyeza, yule mnyama wa baharini mwenye mwili wa utelezi na mikia mingi. Mimi konyeza nilimwona mara moja tu, Tanga.

Jambo lililonigeuza mawazo ni hili: radi chanya nzito haziji sana wakati wingu likiwa changa na kali. Huja baadaye, mvua ikishatandaa pana na kupoa, wakati radi ni chache na ndefu. Mimi nilikuwa nimepanga kufukuza mawingu yenye kelele. Natakiwa kungoja yaliyochoka.

Na ziwa letu linafaa sana kwa hilo. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, mvua hunyesha pembeni. Usiku nchi kavu hupoa, upepo hurudi kutoka pande zote na kukutana katikati ya maji, mawingu yanapanda. Radi za Ziwa Victoria ni za usiku wa manane kuelekea alfajiri. Wavuvi hawahitaji kuelezwa.

Kuna jambo lingine wanalolijua kuliko mimi. Dagaa huvuliwa giza, mwezi ukikua watu hutundika nyavu. Kalenda yangu ni hiyohiyo yao. Nimempigia baba mdogo kumuuliza lini wanaanza, akanijibu bila kutazama popote: "Njoo Idd, mwanangu. Mwezi utakuwa umekufa."

Jumanne, 1 Aprili. Nimerudi kutoka Ukerewe

Nilivuka Ijumaa kwa kivuko cha Kisorya na Rugezi. Usiku nne. Naandika kwa uchovu.

Jiometria niliipanga hivi. Mawingu ninayoyataka yawe kilomita 150 hadi 300, kaskazini na kaskazini-magharibi, upande wa visiwa vya Ssese na pwani ya Uganda. Yakiwa karibu zaidi yanaziba anga. Wingu likiwa kilomita 200, mviringo wa dunia unalizamisha kilomita 3 hivi, na kibwengo cha kimo cha kilomita 50 hadi 90 kitaonekana kati ya nyuzi 13 na 23 juu ya upeo. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10, basi ni ngumi moja na robo hadi mbili na robo. Nimeielekeza kamera katikati ya nyuzi 20, ukingo wa chini ukiwa nyuzi 5 hivi, ili vichwa vya mawingu vibaki nje na mimweko yao isinipofushe kihisi.

Ijumaa na Jumamosi mvua ilikuwa juu yetu. Baba mdogo alinikataza kusimama karibu na mlingoti wa chuma, na alikuwa sahihi: ukiona mwanga na kabla hujahesabu hadi 30 ngurumo ikafika, weka chini ulichoshika uingie ndani.

Jumapili anga ilifunguka. Upeo wa kaskazini wote ulikuwa taa za wavuvi, siku hizi ni za sola, nyeupe kali, mamia, kama mji uliojengwa juu ya maji. Juu yao, mbali, wingu likiwaka na kuzima bila sauti. Nilirekodi kwa muda wa saa sita. Kisha wadudu wa ziwani wakaja kwa wingi, wakaifunika lenzi.

Nimekagua fremu hadi leo asubuhi. Fremu 25 kwa sekunde ni fremu 90,000 kwa saa, hivyo programu inalinganisha kila fremu na iliyotangulia na kunipa zenye mabadiliko. Ilinipa 3,112. Wadudu, popo, ndege za kuelekea Entebbe, vimondo viwili vizuri, setilaiti. Kibwengo hakuna.

Tatizo nimeligundua usiku wa mwisho na limeniuma. Nilikuwa narekodi kwenye DVR, kile kinasa video cha kamera za ulinzi. DVR hubana video, na kanuni yake ya kubana ni kutupa kilicho hafifu na kisichodumu. Kibwengo ndicho hasa kitu cha namna hiyo. Huenda nilikuwa nacho kikatupwa kabla hakijafika kwenye diski.

Jumapili, 6 Aprili

DVR nimeiweka kando. Kamera sasa inaingia kwenye laptopu kwa kifaa kidogo cha USB, bila kubana. Saa moja inakula diski kupita kiasi, kwa hiyo programu inashika sekunde chache tu kabla na baada ya badiliko na kufuta zilizobaki.

Nimeongeza pia kipokezi cha GPS kwa ajili ya saa. DVR ilikuwa imekosea kwa dakika nne na mimi sikujua. Bila saa sahihi, picha haina shahidi. Setilaiti ya Meteosat ya kizazi cha tatu, iliyorushwa Desemba 2022, iko juu ya Afrika na ina chombo cha kuhesabu mimweko ya radi, usiku na mchana, kwa kutazama rangi moja tu ya oksijeni. Chombo hicho hakiwezi kuniambia kama radi ilikuwa chanya au hasi. Kitaniambia wingu lilikuwa wapi, na hilo ndilo ninalolihitaji kupima kimo.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka, Ukerewe. Mvua, mawingu mazito usiku tatu mfululizo. Maji yameingia ndani ya kopo la kamera kupitia tundu la waya. Silikoni mpya, na waya sasa unaingia kwa chini.

Jumapili, 27 Aprili. Ukerewe, saa 12 asubuhi

Sijalala.

Jana Muungano, nikavuka mchana. Jioni mvua ilitupitia ikaelekea magharibi, saa 4 usiku anga ikawa safi kama imeoshwa. Baba mdogo na vijana wake walikuwa wameshaingia majini. Kaskazini-magharibi wingu lilianza dogo, likachacha, kufika saa 6 lilikuwa halipumziki, mmweko juu ya mmweko. Nikakaa kwenye mchanga kando ya mtumbwi uliopinduliwa. Laptopu ilikuwa kimya.

Kufika saa 7 na nusu wingu lilikuwa limetandaa nusu ya upeo. Mimweko ikapungua. Ikawa mmoja, kimya cha dakika nzima, kisha mwingine mrefu, unaotambaa ndani ya wingu kutoka upande mmoja hadi mwingine kabla haujakata. Nilikumbuka nilichoandika tarehe 15 Machi. Nikaacha kutazama skrini, nikatazama juu.

Sikuona kitu. Naandika hivyo waziwazi. Saa 8:04 usiku wingu lilitambaa na mwanga wake, nami nilikuwa nimeukodolea macho mahali hasa, na sikuona kitu. Laptopu ikatoa mlio.

Fremu moja. Katika fremu iliyotangulia kuna nyota tu. Katika hiyo kuna nguzo tano zilizosimama pamoja, tatu ndefu na mbili fupi, juu zimetawanyika kama manyoya ya mfagio, chini zimechirizika nyuzi nyembamba sana. Fremu inayofuata ina kivuli chake, hafifu, ukijua pa kutazama. Inayofuata tena ni nyota tu.

Nilipiga magoti mchangani. Sijui kwa nini nalitaja hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 28 Aprili. Mwanza

Kupima. Nyota za Dubu Mkubwa zilikuwa zimesimama upande uleule, na huo ulikuwa msaada mkubwa: saa ile, kutoka pale nilipokuwa, Megrez iko nyuzi 19 juu ya upeo na Dubhe nyuzi 9. Vichwa vya nguzo vinalingana na Megrez. Mizizi inaishia nyuzi 12 hivi.

Ramani ya setilaiti inaonyesha wingu la saa ile kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya ziwa, karibu na Ssese, na kiini chake kiko kilomita 230 hivi kutoka kwangu. Kwa umbali huo mviringo wa dunia unaficha kilomita 4. Hesabu: mizizi kilomita 53, vichwa kilomita 83. Kibwengo hakisimami lazima juu ya kiini cha wingu, huweza kusogea makumi ya kilomita, kwa hiyo vimo hivi vina nafasi ya kukosea. Hata nikisogeza umbali kilomita 30 huku au kule, bado viko palepale vinapopaswa kuwa: juu mno kwa wingu, juu mno kwa ndege, na chini ya pale vimondo vingi vinapoanza kuwaka.

Mchirizi mmoja wa kovu langu unakatiza nguzo ya kulia. Sitaufuta.

Alhamisi, 1 Mei. Ukerewe

Mei Mosi, hakuna kazi. Nimevuka na picha, nimeichapisha kubwa, kwa sababu skrini ya laptopu juani haionekani.

Nilimkuta baba mdogo anaanika dagaa. Shikamoo, marahaba, habari za mjini. Nikampa picha. Alinawa mikono kwanza. Akaitazama kwa muda mrefu, akaigeuza kuelekea mwanga, akauliza juu ni wapi na chini ni wapi. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kwa neno lake. Nimelisubiri tangu darasa la sita.

"Kizuri sana, mwanangu," akasema. "Lakini sicho hiki."

Nikamweleza upya, nguzo, mizizi, wekundu. Akatikisa kichwa. Akachukua kijiti akachora kwenye mchanga: mstari wa upeo, wingu lenye kichwa kirefu, na kutoka kwenye kichwa chenyewe, pasipo nafasi yoyote, shina lililopanda na kufumka matawi juu. "Huu wako umening'inia. Wangu uliota kwenye wingu. Shina lilikuwa la buluu kama moto wa stovu, wekundu ulikuwa kwenye matawi. Na wangu ulikaa. Niliweza kusema 'Tazameni.'"

Nimerudi kusoma nilichokiandika tarehe 22 Februari. Yote yapo. Uliota juu ya wingu, akasema neno, ndipo ukazimika. Kibwengo hakimpi mtu muda wa kufungua mdomo. Mimi niliandika maneno yake kwa mkono wangu mwenyewe na sikuyasikia, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua aliona nini.

Alichokichora ni mchirizi mkubwa. Ule unaweza kukaa nusu sekunde na zaidi, huanzia ndani ya wingu, hutoboa kichwa chake na kupanda hadi kwenye kilomita 70 na zaidi, buluu chini, wekundu juu. Kundi la Victor Pasko liliunasa kutoka Puerto Rico Septemba 2001, na mwaka uliofuata watafiti wa Taiwan wakanasa mitano juu ya bahari. Huyu mzee aliuona akiwa kwenye mtumbwi miaka mingi kabla ya hapo. Ni nadra kuliko vibwengo, mara nyingi kupita kiasi, lakini hupenda hasa mawingu marefu ya nchi za joto, na juu ya maji.

Maana yake karibu kila nilichopanga kinapinduka. Sasa nataka mawingu makali, yanayopanda, yale niliyoyaacha yapite. Na kamera yangu imeinuliwa makusudi ili vichwa vya mawingu visionekane, yaani nimekuwa nikikata mahali penyewe mchirizi unapozaliwa. Kichwa cha wingu la kilomita 16, kikiwa umbali wa kilomita 200, kiko chini ya nyuzi 4. Ukingo wangu wa chini uko 5.

Jioni hii nimeilegeza skrubu ya mlingoti na kuishusha kamera hadi upeo ukaingia ndani ya picha, pamoja na taa zote za wavuvi. Zitapofusha robo ya chini ya fremu. Baba mdogo anasema upande wa kushoto wa Ukara taa ni chache, kuna mwamba ambao mitumbwi haiupendi, na atanipeleka kuuona kesho kabla sijavuka. Mwezi mpya ni tarehe 27.